Giaboksi Inapolia: Namna ya Kuitumia Dhamana ya Gari

Ukiendesha gari moja kwa muda mrefu, unaijua sauti yake kama unavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani mwako. Siku moja unasikia sauti mpya. Labda gari linavuma likipanda mlima. Labda linasaga ukibadilisha gia. Kelele inatoka chini, karibu na miguu ya dereva. Hapo ndipo ilipo giaboksi.

Ndugu msomaji, giaboksi ni kitu cha bei kubwa. Lakini kama gari bado lina dhamana, huenda usilipe hata shilingi moja. Tena huenda ukalipa zote, na dhamana unayo mkononi. Mengi yanategemea mambo utakayofanya katika siku za kwanza baada ya kuisikia kelele hiyo.

Tuchukue mfano. Wakulima 30 wamechanga fedha, wakanunua pikapu mpya ya kubeba tani 1. Kiwanda kiliwapa dhamana ya miaka 3 au kilometa 100,000. Siku ya kununua, muuzaji akawaambia, "Mkiongeza fedha kidogo, mtapata dhamana ya nyongeza, mpaka miaka 5 au kilometa 150,000." Wakaongeza. Karatasi wakaiweka kabatini. Sasa ni mwaka wa 4. Gari limekwenda kilometa 118,000, na giaboksi imeanza kulia. Wafanye nini?

Jambo la kwanza ni kuitoa karatasi kabatini na kuisoma.

DHAMANA INASEMA NINI

Dhamana ni ahadi iliyoandikwa. Anayeitoa anasema: kitu hiki kikiharibika chenyewe kabla ya muda fulani kwisha, mimi nitakitengeneza kwa gharama yangu.

Muda huo hupimwa kwa miaka na kwa kilometa pia. Karatasi husema "kimojawapo kitakachotangulia". Watu wengi husoma "miaka 3" wakaishia hapo. Fanya hesabu. Gari linalokwenda kilometa 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linamaliza kilometa 45,000 kwa mwaka mmoja. Kilometa 100,000 zitakwisha mwanzoni mwa mwaka wa 3. Dhamana itakuwa imekwisha, ingawa miaka 3 haijatimia.

Dhamana ya nyongeza si ndugu wa damu wa dhamana ya kwanza. Ya kwanza hutolewa na kiwanda kilichounda gari. Ya nyongeza hununuliwa, na mara nyingi anayeahidi ni muuzaji au kampuni ya bima. Kwa hiyo tazama mwisho wa karatasi, uone ni jina la nani. Huyo ndiye atakayelipa. Huyo ndiye ambaye gereji itamwomba ruhusa kabla ya kuanza kazi.

Kisha tafuta orodha ya vitu vinavyolindwa. Tafuta neno giaboksi. Likiwapo, endelea kusoma. Je, wametaja beringi? Wametaja sili za mafuta? Pleti ya klachi mara nyingi haimo, kwa sababu huliwa kidogo kidogo kama soli ya kiatu. Matairi hayamo, wala viatu vya breki havimo.

Hapa ndipo pana jambo lenyewe, na ningependa ulisome mara mbili. Kelele ikitoka kwenye beringi ya ndani ya giaboksi, mtoa dhamana atalipa. Kelele hiyo hiyo ikisemwa kuwa inatoka kwenye klachi, mwenye gari atalipa. Anayesema kelele inatoka wapi, ndiye pia anayesema nani atalipa. Basi usiende gereji na kusema tu, "Gari linapiga kelele." Nenda ukijua kelele yako.

NDANI YA GIABOKSI

Giaboksi ni sanduku la chuma. Ndani mna magurudumu ya meno, yamepangwa kwenye shafti. Shafti ni fimbo nene za chuma zinazozunguka. Katika pikapu ya kawaida yenye gia za mkono, shafti kubwa ni 3. Ya kwanza hupokea nguvu ya injini kupitia klachi. Ya pili iko katikati, na huzungushwa na ile ya kwanza. Ya tatu hupeleka nguvu nyuma, kwenye propela, mpaka kwenye difu na magurudumu.

Kila shafti imekaa juu ya beringi. Vyote huoga katika mafuta mazito ya gia.

Kwa nini gia ziwe nyingi? Mtu aliyebeba gunia akipanda mlima hupiga hatua fupi fupi. Akifika kwenye tambarare hupanua hatua. Gari nalo ni hivyo. Katika gia ya 1, injini huzunguka karibu mara 4 ndipo propela izunguke mara 1. Mwendo ni mdogo, nguvu ni nyingi. Katika pikapu nyingi zenye gia 5, gia ya 4 hupitisha nguvu moja kwa moja. Injini ikizunguka mara 1, propela nayo huzunguka mara 1. Katika gia hiyo shafti ya katikati haibebi mzigo, inazunguka tu bure. Likumbuke hilo, litatusaidia.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Majaribio haya hayahitaji spana. Yanahitaji masikio, kalamu na daftari. Dereva aendeshe, mtu wa pili aandike. Dereva asiandike huku anaendesha.

Kwanza, simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka gia kwenye fri, yaani gia yoyote isiwe imeingia. Acha injini ingurume taratibu. Usiguse klachi. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi mpaka mwisho, sikiliza tena.

Kama kelele ilikuwapo, nayo ikanyamaza ulipokanyaga klachi, basi iangalie giaboksi. Ulipokanyaga klachi ulizitenga shafti na injini, zikaacha kuzunguka. Huenda beringi ya shafti ya kwanza au ya shafti ya katikati imechoka. Lakini kama hapakuwa na kelele, na ikaanza ulipokanyaga klachi, hapo mshuku beringi ya klachi. Hiyo iko nje ya giaboksi, na dhamana nyingi za nyongeza haziilipii. Sauti mbili zinaweza kufanana kabisa. Mguu wako ndio unaozitenganisha.

Pili, endesha gari barabarani, gia moja moja. Kila gia, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia. Mwandishi aandike: gia ya 1 inalia au hailii, gia ya 2 inalia au hailii, mpaka mwisho. Kelele ikiwa katika gia moja tu, kwa mfano gia ya 3, huenda meno ya gia hiyo yameliwa au yamevunjika. Kelele ikiwa katika gia zote lakini ikapungua sana katika gia ya 4, kumbuka ile shafti ya katikati inayozunguka bure. Beringi zake ndizo za kuangaliwa kwanza. Fundi akisikia mwenye gari anasema, "Inavuma gia zote isipokuwa ya 4," anajua hapo hazungumzi na mtu wa kubahatisha.

Tatu, tafuta kama kelele ni ya giaboksi kweli. Mahali peupe, tambarare, pasipo na watu wala magari, dereva mzoefu aende mwendo wa wastani. Kisha aweke fri na kuliacha gari liserereke. Injini isizimwe! Injini ikizimwa breki huwa nzito, usukani huwa mgumu, na ufunguo ukichomolewa usukani waweza kujifunga. Wala jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko. Gari likiserereka katika fri, na kelele ikaendelea vile vile, ikapungua tu kadiri mwendo unavyopungua, basi huenda si giaboksi. Huenda ni beringi ya gurudumu, au tairi, au difu, au propela. Watu wamefungua giaboksi nzima, kumbe tairi la nyuma limeliwa upande mmoja.

Nne, angalia wakati wa kubadilisha gia. Je, inasaga, krr? Inasaga gia zote, au moja tu? Ikisaga gia zote, huenda klachi haiachii vizuri. Ikisaga gia moja tu, huenda ni pete ya shaba iliyo ndani ya giaboksi. Kazi ya pete hiyo ni kulainisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Je, gia inajitoa yenyewe ukiwa njiani? Andika. Hilo ni jambo kubwa, na ni la hatari mlimani.

Usitishwe na mlio wa gia ya kurudi nyuma. Katika magari mengi meno ya gia hiyo yamekatwa yakanyooka, na meno ya gia za mbele yamekatwa kimshazari. Meno ya kimshazari huumana polepole, kwa hiyo hayana sauti kubwa. Meno yaliyonyooka huvuma. Hivyo ndivyo yalivyo tangu gari likiwa jipya.

Gari lisilo na pedali ya klachi lina giaboksi ya namna nyingine, na majaribio ya klachi hayalihusu. Lakini daftari linalihusu vile vile.

DAFTARI LA GARI

Sasa andika. Kitu kilichosemwa kwa mdomo gereji husahauliwa kabla ya saa ya chakula. Ukurasa wa daftari la wale wakulima unaweza kuwa hivi:

Tarehe 9 Machi. Kilometa 118,240. Asubuhi, injini baridi. Fri, klachi haijakanyagwa: inavuma kidogo. Klachi imekanyagwa: kimya. Gia ya 1, 2, 3 na 5: inavuma, zaidi ukikanyaga mafuta. Gia ya 4: karibu kimya. Mzigo: hakuna.

Tarehe 11 Machi. Kilometa 118,395. Injini moto, mlimani. Mzigo: magunia 8. Kelele ni kubwa kuliko juzi. Chini ya gari kuna matone ya mafuta, upande wa nyuma wa giaboksi.

Hiyo inatosha. Siku mbili au tatu, mistari michache. Kama mmoja wenu ana simu inayorekodi sauti, arekodi pia. Aanze kwa kutaja tarehe, kilometa na gia iliyoingia, kisha aache sauti ijisemee.

Umeona tumeandika mzigo. Kuna sababu. Mtoa dhamana atauliza kama gari lilizidishiwa mzigo. Tani 1 ni magunia 10 ya kilo 100, lakini gunia la lumbesa halina kilo 100, lina zaidi. Na watu wanaokaa juu ya magunia nao wana kilo zao. Kama mmekuwa mkijaza gari kupita kiasi, daftari halitawaokoa, wala mimi sitawafundisha kudanganya.

USIMRUHUSU MTU KUFUNGUA

Jirani atakuja. Atasema, "Ile kazi ndogo, nina kijana wangu atashusha giaboksi leo leo." Huenda kijana ni fundi hodari kweli. Lakini dhamana nyingi husema hivi: kabla ya kufungua kitu, pata ruhusa ya mtoa dhamana. Kikishafunguliwa na mtu mwingine, hakuna tena awezaye kusema kwa hakika kiliharibika chenyewe au kiliharibiwa. Mtoa dhamana atakataa. Ukweli ni kwamba atakuwa na haki.

Unaruhusiwa kutazama. Chungulia chini uone kama mafuta yanavuja. Angalia bolti zilizolegea. Usimwage mafuta ya giaboksi. Mafuta hayo ni ushahidi. Nati ya kumwagia mafuta katika magari mengi ina sumaku. Uji wa kijivu kidogo kwenye sumaku ni kitu cha kawaida, lakini vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Acha nati hiyo ifunguliwe gereji, nawe ukiwapo.

Tena, usiendelee kubeba mazao kana kwamba hakuna kitu. Dhamana nyingi zinamtaka mwenye gari azuie ubovu usizidi. Kelele ikiwa ndogo na mafuta hayavuji, unaweza kwenda gereji polepole, bila mzigo. Kelele ikiwa ya kusaga chuma, au mafuta yakivuja sana, lisimamishe. Libebwe juu ya lori, au livutwe magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa. Pikapu ya kuvutwa kwa kamba safari ndefu, magurudumu ya nyuma yakiwa chini, huizungusha ile shafti ya tatu. Lakini shafti ya katikati, ambayo huyarusha mafuta juu, imesimama. Kwa hiyo shafti ya tatu inazunguka kavu. Giaboksi iliyokuwa na ubovu mmoja hufika gereji na ubovu wa pili.

BARUA

Usingoje mpaka utakapopata nauli ya kwenda mjini. Andika barua sasa, hasa kama muda wa dhamana unakaribia kwisha. Barua inaonyesha kwamba ulitoa taarifa dhamana ikiwa hai. Iwe fupi:

Kikundi cha Wakulima,
S.L.P. ........
14 Machi ........

Kwa Meneja wa Gereji.

Ndugu,

YAH: KELELE KATIKA GIABOKSI, GARI NAMBA ........

Gari letu lina dhamana ya nyongeza namba ........ Tarehe 9 Machi, likiwa limekwenda kilometa 118,240, tulisikia giaboksi inavuma. Kelele iko katika fri, inanyamaza klachi ikikanyagwa. Iko katika gia zote isipokuwa gia ya 4. Tarehe 11 Machi tuliona mafuta yanavuja nyuma ya giaboksi. Hatujafungua kitu chochote.

Tunaomba gari lipimwe chini ya dhamana, na tupewe siku ya kulileta. Tumeambatisha nakala za risiti za sevisi.

Wenu,
Katibu

Andikeni nakala mbili. Moja ipelekeni, nyingine ipigwe muhuri au itiwe saini na aliyeipokea, mkae nayo. Nakala nyingine mpelekeeni mtoa dhamana mwenyewe, kama si hiyo gereji.

Kuhusu risiti za sevisi: hizo ndizo hutafutwa kwanza na anayetaka kukataa kulipa. Kitabu cha gari kinasema sevisi ifanywe kila baada ya kilometa ngapi, na giaboksi itiwe mafuta ya aina gani. Risiti zako zionyeshe tarehe, kilometa, na aina ya mafuta. Risiti iliyoandikwa "sevisi" tu, basi, haina nguvu. Ukitoka leo kufanya sevisi, mwombe fundi aandike yote. Ataona ni usumbufu. Mwombe tu.

GEREJI

Siku imefika. Dereva na katibu wameingia mjini mapema. Kijana anayepokea magari amelizunguka gari, amelisikiliza kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Habari za kazi?"

"Nzuri. Mzee, hiyo ndiyo sauti yake. Magari haya yote yanalia hivyo."

"Inawezekana, fundi. Basi naomba tupande wote gari jingine la aina hii, tulisikilize gia ya 3. Kisha tupande hili letu."

Hayo ni maneno mazuri. Hayana ugomvi ndani yake, na ni vigumu kuyakataa. Nenda na fundi barabarani. Mwonyeshe mahali na gia ambapo kelele hutokea. Kama hutokea injini ikiwa baridi, omba gari lilale gereji liwashwe asubuhi ukiwapo. Kelele nyingi hukimbia siku ya kupelekwa kwa fundi, kama mtoto anayepona homa mlangoni kwa daktari.

Huenda wakaunganisha kompyuta ndogo na gari, kisha wakasema, "Kompyuta haionyeshi ubovu." Kompyuta husoma vitu vya umeme. Haisikii beringi iliyochoka ndani ya giaboksi ya mkono. Mafundi wa zamani huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha giaboksi na mpini sikioni, gari likiwa juu ya vigingi imara. Siku hizi wapo wenye vifaa maalumu vya kusikilizia. Uliza kama wanavyo. Uliza pia kama watamwaga mafuta na kuyatazama. Vipimo hivyo vyote havihitaji kuifungua giaboksi.

Baadaye watakuletea karatasi ya kazi utie saini. Pole pole hapa. Kaa chini. Isome, hata kama watu wamepanga mstari nyuma yako.

Tazama kwanza kama malalamiko yako yameandikwa kama ulivyoyasema. "Kelele" peke yake haitoshi. Mwombe aandike: "Inavuma katika fri na gia zote isipokuwa 4, inanyamaza klachi ikikanyagwa, mafuta yanavuja nyuma." Mpe daftari anakili.

Kisha tafuta sentensi inayohusu kazi ya kufungua. Mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo. Inasema kwamba ubovu ukionekana haumo katika dhamana, mwenye gari atalipia kazi ya kushusha na kufungua giaboksi. Watu hutia saini wakidhani kila kitu ni bure. Giaboksi inashushwa, inafunguliwa, inakaa mezani vipande vipande. Kisha mtu anasema, "Hii haimo." Sasa unadaiwa kazi ya kufungua, kazi ya kufunga, na huna gari la kurudia nyumbani. Ukiwa katika hali hiyo utakubali bei yoyote.

Kwa hiyo uliza kabla ya saini. Mnashuku kitu gani? Kitu hicho kimo katika orodha ya dhamana? Mtoa dhamana amekwisha toa ruhusa ya kufungua, na namba ya ruhusa hiyo ni ipi? Kama haitalipiwa, kufungua na kufunga ni shilingi ngapi? Majibu yaandikwe juu ya karatasi hiyo hiyo. Kama hawataki kuandika, wewe nawe hulazimiki kutia saini siku hiyo. Rudini mkazungumze na wenzenu. Fedha ni za watu 30.

Uliza pia kama dhamana ina kikomo cha fedha. Dhamana nyingine hulipa mpaka kiasi fulani tu, na nyingine humtaka mwenye gari atoe sehemu ya kwanza ya gharama. Hayo hayafichwi, yameandikwa, ila hayatajwi.

Kama mtoa dhamana atatuma mkaguzi, omba siku na saa ya kuja kwake, mmoja wenu awepo. Mkaguzi anayezungumza na gereji peke yake huandika upande mmoja.

WAKIKATAA

Wakikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi. Sababu iliyoandikwa unaweza kuilinganisha na karatasi ya dhamana. Wakisema, "Mlizidisha mzigo," uliza wameonaje. Wakisema, "Hamkufanya sevisi," toa risiti. Wakisema, "Beringi imechakaa kwa matumizi," soma kama dhamana yenu inatenga uchakavu au la, maana nyingine hutenga na nyingine hazitengi. Unaweza kumlipa fundi mwingine mwenye ujuzi aisikilize giaboksi bila kuifungua, aandike maoni yake.

Hapa Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo ina sehemu za kumlinda mnunuzi wa kawaida, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Malalamiko yanaweza kupelekwa huko. Lakini mpelekee kwanza aliyetoa dhamana barua ya malalamiko, na umpe muda wa kujibu. Tume nayo itataka kuziona karatasi: dhamana, risiti, barua, majibu ya kukataa, na kurasa za daftari lako.

SIKU YA KUCHUKUA GARI

Ikiwa wamekubali na wametengeneza, usilipokee gari getini. Omba kuviona vitu vya zamani vilivyotolewa. Shika beringi, izungushe kwa mkono, usikie inavyokwaruza. Soma karatasi uone wameandika nini kimebadilishwa, na kwa kilometa ngapi. Uliza kitu kipya kilichowekwa kina dhamana ya muda gani, kwa sababu huenda muda wake ukawa tofauti na wa gari.

Halafu panda gari na fundi, mrudie majaribio yale yale. Fri, klachi, gia ya 1 mpaka ya 5. Kama inavuma bado, hata kidogo, iandikwe kabla hujatoka. Kama imenyamaza, mshukuru fundi, na katika daftari uandike tarehe, kilometa, na neno "kimya". Kisha lisikilize tena kwenye ule mlima wa njiani, mahali lilipoanza kulia.